Nilikwenda Ngorongoro kutazama nyayo, nimerudi na deni

WAAMBIE washikaji wa kijiweni kwamba unakwenda Ngorongoro. Swali la kwanza litakuwa simba. La pili, faru. La tatu, ambalo ndilo lenye uchungu hasa, ni hela umepata wapi. Sasa wewe wajibu kwamba huendi kutazama simba wala faru, unakwenda kutazama alama za miguu. Watakutazama wote kimya, halafu mmoja atanyoosha mkono akuguse paji la uso kuona kama una homa.

Mimi yalinikuta hayo. Na wala sikuwa nimewaambia ukweli wote. Ukweli wote ni kwamba nilikuwa na kesi ya nyumbani Karatu, na kesi yenyewe ilikuwa ya mguu.

Ilianza hivi. Mjomba alipiga simu usiku. Mjomba ni mdogo wake mama, na mama yetu alifariki mwaka 2009. Yeye ndiye anayeishi kwenye nyumba ya babu, ubavuni mwa ile barabara kuu inayopeleka watalii getini. Miaka yote baraza ya nyumba ile ilikuwa ya kuanikia ngwara na kupigia soga. Lakini Karatu ya leo imechangamka, kila mwenye ukuta unaotazama barabara anataka kuugeuza duka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Baraza naivunja. Najenga fremu nne. Nakutaarifu tu, usije ukasikia kwa watu."

Nikakaa kitandani. Maana kwenye sakafu ya baraza ile, karibu na nguzo ya kushoto, kuna mguu wa mama.

MGUU KWENYE SIMENTI

Msomaji wangu, sakafu ile ilimwagwa mwaka ambao vita vya Kagera vilianza, 1978. Mama alikuwa na miaka kumi. Babu aliwakusanya watoto wote akawaambia: asiyetaka kulala na njaa asisogelee baraza mpaka kesho. Jioni kuku akatoroka, akapita katikati ya simenti mbichi. Mama akamfuata. Alipiga hatua moja tu, ya mguu wa kulia, akakumbuka fimbo za babu na kurudi nyuma. Fimbo alichapwa vilevile.

Mguu umebaki. Vidole vitano, kisigino, na pembeni yake alama tatu za kuku. Picha ya mama akiwa mtoto hatuna hata moja, enzi hizo mpiga picha alikuwa kitu cha mjini. Sisi watoto wake tulikuwa tukienda likizo tunashindana kuweka miguu yetu pale, tuone nani amefikia ukubwa wa mama.

Basi nikapanda basi. Nilipofika Arusha nikachukua gari la asubuhi la Karatu. Kama hujawahi kuipita barabara hiyo, una deni na nafsi yako. Makuyuni unakata kulia. Mto wa Mbu wanakupokea kwa ndizi nyekundu. Halafu gari linaanza kukwea ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara linabaki chini kule likimetameta kama bati jipya. Unapita Rhotia, mashamba ya udongo mwekundu, na baridi inaanza kukutafuta shingoni. Ukiona Land Cruiser za watalii zimepanga foleni kituo cha mafuta, umefika Karatu.

Mjomba alinipokea vizuri, mkewe akatenga makande na maziwa mgando. Lakini kwenye suala la baraza alikuwa jiwe. "Mjomba, ule mguu unalipa ada?" Nikanyamaza. Wanawe wawili wako sekondari, na ada ni kitu halisi kuliko kumbukumbu. Akamalizia: "Fundi anakuja Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kukaa pale wikiendi nzima tunaviziana na mjomba niliona ni kujitafutia kasheshe. Jirani mmoja dereva alikuwa na gari lenye nafasi, anapeleka wageni Olduvai Jumamosi. Nikachangia mafuta, nikalipa kiingilio getini Lodoare (sisi Watanzania tunalipa kidogo sana kuliko wageni, tatizo letu ni uvivu), nikaingia.

UKINGONI MWA KREATA

Ukitoka getini unapanda msitu wenye ukungu mpaka unajiuliza kama dereva anaona. Halafu ghafla miti inaachia na unaletewa kreata yote mezani: shimo la meta kama 600 kwenda chini, sakafu yake kilometa za mraba zipatazo 260. Hapo kila mtu hutoa simu. Mimi pia nilitoa, sitaki kujifanya.

Sisi hatukushuka. Tulizunguka ukingo, tukateremkia upande wa pili ambako nyasi zinapauka, upepo unakuwa mkavu na vijana wa Kimasai wanaswaga ng'ombe pembeni ya pundamilia kana kwamba ni zizi moja. Kwenye njia panda kuna sanamu ya mafuvu mawili makubwa. Ukikata hapo, unakwenda Olduvai.

Jina lenyewe lina kituko. Wamasai huliita bonde hilo Oldupai, jina la katani pori inayoota kila mahali pale. Mwaka 1911 alifika daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, na masikio ya kigeni yakasikia Olduvai. Kosa likaingia kwenye ramani na vitabu vya dunia nzima, na limekaa humo zaidi ya miaka mia.

Ni kwenye bonde hilo ambako Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959, aliona fuvu la Zinjanthropus, yule tuliyefundishwa shuleni mpaka tukamchoka. Umri wake ni kama miaka milioni 1.8. Makumbusho mapya yaliyofunguliwa mwaka 2017 yapo ukingoni mwa bonde, na ndani yake ndipo nilipokikuta nilichokifuata: nakala ya nyayo za Laetoli. Laetoli yenyewe ipo kusini zaidi, kama kilometa 45 kutoka Olduvai, ndani ya hifadhi hiyohiyo.

Nilisimama pale muda mrefu kiasi kwamba mwongozaji, kijana wa makamo yangu, alidhani nimepotewa na wenzangu.

MAVI YA TEMBO YALIVYOLETA HESHIMA

Sikiliza kisa hiki, maana hakuna atakayekusimulia harusini. Mwaka 1976 Mary Leakey alikuwa amepiga kambi Laetoli akitafuta mifupa. Akatembelewa na wanasayansi wenzake. Jioni moja, wakiwa njiani kurudi kambini, wasomi hao wakubwa wakaanza kurushiana mavi makavu ya tembo kama watoto wa shule. Mmoja wao, Andrew Hill, alipoinama kukwepa akaanguka. Pua ikiwa karibu na ardhi, akaona kwenye mwamba vitundu vidogovidogo, na alama za miguu ya wanyama.

Vile vitundu vilikuwa alama za matone ya mvua. Mvua iliyonyesha miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita.

Walipotafuta zaidi wakakuta nyayo kwa maelfu: tembo, twiga, vifaru, swala, sungura, kanga. Kisha mwaka 1978 Paul Abell akaona kisigino kilichofanana na cha mtu. Kazi ya kukichimba alikabidhiwa Ndibo Mbuika, fundi wa kuchimba kutoka Kenya, na yeye ndiye aliyeonyesha kwamba nyayo si moja bali zinaendelea, tena ziko mbili mbili, sambamba. Jina lake huwa halitajwi sana. Wewe litaje.

Kufikia 1979 msafara ulikuwa umefunuliwa kiasi cha meta 27, nyayo zipatazo 70. Walikuwa watatu. Mmoja mdogo upande wake, na pembeni yake wawili, ambao mmoja alikuwa akikanyaga palepale alipokanyaga mwenzake aliyetangulia. Umri: miaka milioni 3.66.

Kidole gumba hakikutanuka pembeni kama cha sokwe, kimeelekea mbele kama chako. Kisigino kinatangulia, vidole vinasukuma. Wataalamu wengi wanasema ni viumbe wa jamii ya Lucy, yule aliyepatikana Ethiopia mwaka 1974: ubongo mdogo usiozidi sana wa sokwe, lakini wima kwa miguu miwili. Na hawakutembea hivyo kwa sababu ya kubeba zana tulizozizoea. Zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana, zile za Lomekwi kule Turkana, Kenya, zina miaka milioni 3.3. Kwa hiyo kutembea kulitangulia, akili nyingi na zana zikafuata. Ndiyo maana hata leo kuna watu wanatembea vizuri tu.

MAJIVU, MVUA, JUA

Sasa swali ambalo mimi lilinishika koo: mguu wa mtu kwenye vumbi la Karatu haumalizi dakika tano. Hawa wamewezaje?

Mwongozaji akanieleza taratibu. Volkano ilikuwa ikitema majivu. Kwa miaka mingi iliaminika ni mlima Sadiman ulio jirani, ingawa siku hizi wapo wanaobisha. Majivu yale hayakuwa ya kawaida. Yalikuwa na madini ya kabonati, mithili ya yale ya Oldoinyo Lengai, volkano iliyo kaskazini mwa hapo ambayo bado iko hai. Majivu ya aina hiyo ukiyatia maji kidogo halafu ukayapiga jua, yanakamata.

"Yanakamata kama nini?" nikamwuliza, nikijua jibu.

"Kama simenti."

Mvua ilinyesha manyunyu tu, isiyotosha kusomba. Wanyama wakapita, na wale watatu wakapita. Jua likawaka, majivu yakakauka. Volkano ikatema tena, tabaka jipya likafunika la zamani kabla upepo haujaliharibu. Mambo manne yalitakiwa yafuatane bila kukosea, na yakafuatana. Ingekuwa mvua ya masika ya kweli, tusingekuwa na habari.

Ndiyo tofauti ya mfupa na unyayo. Mfupa unakwambia fulani alikufa. Unyayo unakwambia alikuwa anakwenda mahali.

Na si Laetoli tu. Ukitaka kujua mwanzo kabisa wa wanyama duniani, mifupa haikusaidii, kwa sababu wanyama wa kwanza hawakuwa nayo. Walikuwa laini kama uteute. Kule Australia Kusini, kwenye vilima vya Ediacara, mwaka 1946 Reg Sprigg aliona mihuri ya miili laini iliyogandamizwa kwenye mchanga wa bahari kabla hata samaki hawajakuwapo. Kule Kanada kuna Burgess Shale, aliyoigundua Charles Walcott mwaka 1909, ambako matope yaliteleza ghafla yakafunika wadudu wa baharini wa miaka milioni 508 iliyopita, na mpaka leo unaona miguu yao na matumbo yao. Hata sisi hapa, Mahenge mkoani Singida, ziwa lililokuwa ndani ya shimo la volkano miaka kama milioni 46 iliyopita lilihifadhi samaki na popo kwenye matope yake.

Fanya hesabu hii uende nayo kijiweni. Kama wale watatu wa Laetoli walipita jana saa kama hizi, basi Zinjanthropus ni wa nusu siku iliyopita, na wale wadudu wa Kanada ni wa miezi minne na nusu nyuma. Kote huko kanuni ni moja: kitu laini kinabaki pale tu kinapofunikwa haraka na kuachwa bila kuguswa.

KWA NINI WAMEZIFUKIA

Hapo ndipo nikauliza swali la kila Mbongo: hizo zenyewe, za kweli, ziko wapi nikazipige picha?

Ziko chini ya udongo. Zimefukiwa makusudi.

Mwaka 1979 zilipomaliza kuchorwa na kupigwa picha, zilifunikwa kwa mchanga na mawe. Lakini ndani ya mchanga ule kulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, mizizi ikashuka kwenye kitu ambacho volkano, mvua na miaka milioni tatu na ushei vilikuwa vimekiheshimu. Wahifadhi walipokuja kuangalia miaka ya 1990, baadhi ya nyayo zilikuwa zimeguswa na mizizi. Mwaka 1995 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale kwa kushirikiana na Taasisi ya Getty ya Marekani wakafukua tena, wakaiua miti ile na kuiondoa, wakapima kila kitu, kisha wakazifukia upya kwa mchanga, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, udongo na mawe ya volkano. Wazee wa Kimasai wa eneo lile wakashirikishwa na sherehe ya kimila ikafanyika, maana wao ndio majirani wa kila siku.

Wapo wanaolalamika kwamba tumekuwa walinzi wa kitu tusichokiona. Kweli inauma kidogo. Kijana anasafiri toka Dar anaonyeshwa nakala. Lakini fikiria upande wa pili: mvua moja ya masika, ng'ombe wachache, watalii mia wenye viatu, na mambo yamekwisha. Hakuna spea.

Na kufunika hakujazuia mapya. Wakati yanachimbwa mashimo ya majaribio kwa ajili ya makumbusho yaliyopangwa kujengwa palepale, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao, walikuta nyayo nyingine umbali wa meta kama 150 kutoka zile za kwanza. Habari ikatangazwa Desemba 2016: wawili wengine, mmoja wao akikadiriwa kuwa na urefu wa meta 1.65. Huyo ni mrefu kuliko baadhi ya wahariri ninaowafahamu.

Halafu mwaka 2021 ikaja nyingine. Kulikuwa na nyayo tano zilizoonekana tangu 1976 ambazo wengi walisema labda ni za dubu, zikasahauliwa. Kundi lililomjumuisha mtafiti wetu Charles Musiba lilizifukua upya mwaka 2019, likazipima na kulinganisha na nyayo za dubu wa kweli. Si dubu. Ni kiumbe wa miguu miwili, tena mwenye mwendo tofauti na wale watatu, anayekanyaga kwa kupishanisha miguu kama mwanamitindo jukwaani. Maana yake huenda palikuwa na aina mbili za hao jamaa, bonde moja, kipindi kimoja.

Miaka zaidi ya arobaini nyayo zile zilikaa zinaitwa dubu. Zilisubiri. Kama zingevunjwa, kosa lingebaki kuwa ukweli.

JUMAPILI USIKU

Nilirudi Karatu nimejaa vumbi mpaka kope. Sikusema kitu usiku ule. Jumapili baada ya chakula ndipo nikamsimulia mjomba: mavi ya tembo, majivu, mvua, wale watatu, mizizi. Alikuwa hajawahi kufika Olduvai, miaka hamsini na kitu amekaa mlangoni mwake. Akaniuliza swali moja tu.

"Yule mmoja aliyekuwa anakanyaga kwenye nyayo za mwenzake. Alikuwa mtoto?"

Nikamwambia wataalamu hawajui.

Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani. Kwamba ile siku ya 1978, aliyeacha mlango wa banda la kuku wazi ni yeye. Alikuwa na miaka minane. Mama alijua, akachapwa peke yake, hakumtaja.

Mkewe akajifanya anakusanya vyombo.

Asubuhi Jumatatu fundi akaja na nyundo. Tukamwonyesha ule mguu, tukamwuliza kama anaweza kukata kipande kile kikatoka kizima. Akainama, akagonga gonga, akatikisa kichwa. Sakafu ya zamani, zege jembamba, ukikata inapasuka. Mimi nikawa natazama miguu yangu.

"Basi jenga tatu," mjomba akamwambia fundi. "Hapa kwenye nguzo usiguse. Leta mchanga na turubai, paezekwe kwanza vumbi la kazi liishe."

Nikataka kumshukuru, akainua mkono.

"Usinishukuru. Fremu ya nne ilikuwa inaniingizia kodi kila mwezi. Kodi hiyo mtalipa nyinyi watoto wa dada. Mwezi wa kwanza naanzia na wewe."

Kwa hiyo, msomaji wangu, ndiyo maana wiki hii ukiniona kituoni nasubiri daladala badala ya bodaboda, usinicheke. Nalipa kodi ya duka ambalo halipo. Kaka yangu naye kaishapigiwa simu, anasema tumerogwa, lakini kesho yake katuma nusu.

Na wewe ukirudi likizo kwenu, kabla mafundi hawajaanza, hebu tembea kidogo kwenye sakafu ya zamani ukiangalia chini. Halafu ukipata nafasi, pita Olduvai. Simba watakuwapo tu.